Chini ya Sahani ya Seneta

Mpendwa Bi Mirta wa redio, nisaidie kabla sijapasuka, maana Jumanne Seneti inapigia kura sheria ya kuruhusu utoaji mimba nchi nzima, na hapa Buenos Aires mabinti wa jirani wamefunga leso za kijani za kuiunga mkono mpaka shingoni mwa mbwa, nami na miaka yangu sitini na sita moyo unanidunda kama wa msichana, ila leso yangu nimeificha kwenye mkebe wa unga kwa sababu Hernán, yule seneta ambaye hajaamua, ni mwana wa marehemu mdogo wangu Delia na nimemlea mimi. Delia alikufa mwaka themanini na mbili, alitoa mimba kwa siri, akavuja damu siku mbili tukiogopa kumpeleka hospitali tusije tukakamatwa, na mama akaniapisha niseme ni kidole tumbo, Hernán akiwa na miaka mitatu, na hadi leo anaamini hivyo. Jumanne mchana atakuja kwangu kula nyoki, vile vitonge vyetu vya viazi na unga, kama desturi ya kila tarehe 29, noti ya bahati chini ya sahani, ndipo aende kupiga kura. Juzi nilijaribu kugusia, akacheka, "Mama mkubwa, usinitilie siasa kwenye mchuzi." Mama alishafariki, lakini kiapo ni kiapo. Nifanyeje?

Nélida, Boedo

Nélida, pole kwa Delia, pole uliyostahili kupewa miaka thelathini na minane iliyopita. Sasa nikugombeze. Mtu mzima unaficha leso kwenye unga, unamficha nani, panya? Kiapo kilimkinga mama yako na aibu, na huko aliko aibu haimfikii. Aliyebaki ni Hernán, anayekwenda kuamua bila kujua kilichotokea nyumbani kwake.

Hata mimi nimeshindwa kutulia kitini tangu nisome barua yako, siku hii tumeiandamania miaka mingi. Lakini usimhubirie. Kanda nyoki zako kama kawaida, ujifunge leso kabla hajabisha hodi. Noti iache kwenye pochi. Chini ya sahani weka picha ya Delia. Akiiona, mwambie alikufaje, yote, hata zile siku mbili mlizoogopa hospitali. Akikasirika, ana haki.

Halafu nyamaza. Kura ni yake, na mama ni wake.