Binti Anayefunika Uso

Dada yangu Ester,

Nakusihi kwa kumbukumbu ya mama yetu, neno lolote la humu lisitoke mdomoni mwako, hata kwa majirani wa kisimani. Ukimaliza kusoma, tia motoni. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini hapo Kihesa hamjambo, na kifua cha shemeji kimepata nafuu licha ya baridi hii.

Binti aliyekuletea barua ni Sekela, mwanafunzi wa shule hii ninayofanyia ukarani huku Mbeya. Baba yake alifariki, na kwa desturi ya huku baba yake mdogo akarithi nyumba, Sekela na mama yake wakiwa ndani. Binti alikuwa hodari wa hesabu kuliko wavulana. Tangu mavuno akabadilika. Kila alipotokea mzee mmoja wa kamati ya shule, Sekela alijifunika shuka akainama chini ya dawati, au akatoka mbio. Mzee huyo haishi kuja, basi masomo yakampotea. Mwalimu Mkuu, mtu wa pwani, alisema ni kiburi, akamchapa. Hata mimi nilimwambia, "Msalimie mzee, hakuli." Akazidi kujifunika.

Mama mpishi ndiye aliyenicheka. "Karani, ninyi Wahehe hamna macho? Huku mwali hamtazami baba mkwe! Ng'ombe wa mahari wameshaingia kwa baba yake mdogo."

"Mbona bado anasoma?"

"Wanangoja shule ifungwe. Na wewe funga mdomo, kama unapenda kula hapa."

Nilimweleza Mwalimu Mkuu. Aliiondoa fimbo mezani. Tangu hapo alimfundisha mwenyewe nyumbani kwake, mkewe akiwapo, ambako mzee hafiki. Hesabu zikamrudia. Siku moja nilimsikia anacheka.

Lakini shule inafungwa wiki hii. Mama yake alikuja na mzigo umeshafungwa, akasema, "Mpelekeni mbali asome." Ndipo nikakutaja wewe.

Leo asubuhi mzee aliingia ofisini, akakalia kiti changu. Hakumtaja Sekela. Aliniuliza kwa upole, "Karani, kwenu hasa ni wapi?"

"Njombe, baba."

Akatabasamu. "Ajabu. Mpishi ameniambia Kihesa."

Kwa hiyo dada, asilale kwako. Mpe uji, kisha mpeleke leo hii kwa walimu wa bweni la wasichana la hapo kwenu. Cheti chake cha uhamisho kimo mzigoni. Waambie akijificha mzee akipita, wasimkaripie. Waanze naye kwa hesabu.

Nisalimie bibi yetu, shemeji, na mjomba fundi seremala. Wote waambie sijambo.

Usinijibu kwa posta. Mfuko wetu wa barua huchukuliwa mjini na mtoto wa mzee, naye ndiye bwana arusi. Mpe neno Yohana, dereva wa lori la mbao la Mafinga aliyemleta binti. Asije shuleni. Anitafute kanisani Jumapili, benchi la nyuma, upande wa dirisha. Akikuta sipo, asimuulize mtu. Ageuze lori arudi.

Mdogo wako,
Zakaria