Jerikani Niliyomfungia Mama

Jumatatu, 3 Machi
Kilo sitini na tatu. Juzi sitini na moja. Tunapima kwenye mizani ya muuza maharage, Base Camp, hapa kambini kwetu wakimbizi. Mama anakaa pale magunia yanapokaa. Wanaocheka nawakodolea macho. Miguu imevimba, nikibonyeza shimo linabaki. Daktari wa Mbarara alisema figo zimechoka: chumvi hapana, maji vikombe vinne kwa siku. Chumvi nimeitupa. Basi anaiba maji. Nini kingine?

Jumanne, 4 Machi
Nimefungia jerikani chumbani. Ufunguo uko kifuani mwangu. Aliomba tone. Nilimwita mwizi, mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, wajukuu wangu wakisikia. Nilimbeba mgongoni kutoka Fizi, Kongo, tukikimbia vita. Sitamwacha azame kwa kikombe.

Alhamisi, 6 Machi
Sitini na nne na nusu. Uso umejaa. Analala ameketi, akijilaza anakosa pumzi. Asubuhi akaniambia, "Pengine nakunywa kweli, mwanangu. Pengine nasahau."
Nilifurahi. Nikasema, umeona!

Ijumaa, 7 Machi
Mbarara. Wamemchoma sindano ya kumkojoza. Nesi, binti mdogo tu, akauliza napika namna gani. Mimi ambaye herufi nilizipata kanisani, uzeeni, nikamjibu kwa kiburi: chumvi haiingii kwangu.
"Na maharage?"
Kwa magadi, kama kila mtu. Kuni ni shida, na magadi huivisha upesi. Tena nilipotoa chumvi niliyaongeza, chakula kipate ladha.
"Aa, mama. Magadi na chumvi ni ndugu. Yote yanashika maji mwilini."
Kila siku maharage. Kila siku mkono wangu.
Sikuweza kumtazama Mama.

Jumapili, 9 Machi
Bado wodini. Siku mbili nimemeza maneno. Leo nimeyatoa: hukuiba, Mama, ni mimi niliyekuvimbisha.
Mama alijiinua kitandani. Kisha: "Kumbe akili yangu bado nzima."
Akalia. Nilijionea aibu kuliko siku zote nilizoishi.

Jumatano, 12 Machi
Nyumbani. Nimeenda kwa wale wanawake, wakiwa kwenye kinu. Nimesema Mama si mwizi, mjinga ni mimi. Mmoja akacheka: "Ee Mama Neema, mdomo huo nao unaomba msamaha?" Unaomba.
Jioni Mama kaniita nimsuke. Nywele zimebaki chache, laini. Nimesuka polepole.