Alama Uliyoiweka Wewe Juu ya Mwamkulu

Kapteni,

Ni mimi, Scola, mwanafunzi wako wa urubani. Nimekaa chini ya bawa la ndege hapa uwanjani Mpanda. Sijalia bado. Hata siku ya maziko yako sikulia, nilishinda nabeba masufuria ya wali tu, watu wakaniona nina roho ngumu. Labda kweli.

Tulipoanua matanga, ndugu zako waligawana mashati na viatu. GPS yako ya mkononi hakuna aliyeitaka. Mkeo, Mama Neema, akanipa, akasema, "Chukua wewe mwanangu, mimi sijui hata inawashwaje." Anajitahidi. Amesharudi shambani kuvuna mpunga.

Sasa nina jambo la kukiri. Umeniachia kazi ya kuwapandisha warukaji wa miavuli, na ulinifundisha kwamba kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, napima upepo, halafu naweka upya kwenye GPS alama ya mahali pa kuwaachia. Upepo ukigeuka, alama inahama. Tangu ufariki sijaihamisha. Ile iliyokuwemo uliiweka wewe, asubuhi kabla presha haijakuangusha, na mimi nilishindwa kuigusa. Siku zote hizi upepo umetoka mashariki, nikajiambia haina shida.

Leo uligeuka. Mimi nimepanda na warukaji wanne, kichwa chini, macho kwenye kile kioo kidogo cha GPS. Ungekuwepo ungenigonga bega: "Binti, unachati na nani? Angalia nje." Mlango ulishafunguliwa, wa kwanza ameshakaa ukingoni, miguu nje. Zilibaki sekunde chache niwawashie taa ya kijani ya kuruka. Nikainua macho, sijui kwa nini. Moshi wa nyasi wanazochoma wakulima wa Mwamkulu, chini yetu, ulikuwa umelalia upande mwingine kabisa. Kama ningewaachia pale, wangebebwa mpaka mtoni, kwenye viboko.

Nikawaambia wafunge mlango. Walinuna, tukatua nao wote. Kiongozi wao akauliza kulikoni, nikamwambia kosa ni langu. Mikono haikutetemeka hata kidogo, Kapteni, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nusura niue watu wanne kwa kuogopa kufuta namba ulizoziandika wewe.

Nimezifuta. Kile kidude kiliniuliza kama nina uhakika. Nikakaa nacho mkononi muda mrefu, halafu nikabonyeza ndiyo. Hakuna kilichotokea. Kuku wa mlinzi walikuwa wanapita tu.

Kesho tunapanda tena, walewale wamekubali kurudi. Nitaweka alama yangu mwenyewe nikiwa chini, injini imezimwa, na nikishapaa kichwa kitakuwa juu. Hiyo nakuahidi. Kulia sijui ni lini, usinisubiri kwa hilo. Pumzika, Kapteni. Huko angani sitakutafuta tena kwenye kioo.

Scola wako