Pawa Ilipokohoa, Nilimshuku Zakayo

Alhamisi. Asubuhi jua, saa nane mvua ya mawe, na sasa maji ya mwisho yanadondoka kutoka kwa mabati. Neema amelala, mdomo wazi.

Nisameheni. Wiki sita nzima sijaandika hapa hata mstari. Si kwamba nilikosa la kusema. Nilikuwa na mengi, na karibu yote yalikuwa mabaya juu ya watu, nikaona heri ninyamaze mpaka nijue ukweli. Baba Neema, najua wewe husomanga hapa wakati wa chakula cha mchana huko Nakuru. Kwenye simu nimekuwa nikikuambia tuko sawa.

Hatukuwa sawa. Pawa ilikuwa inasumbua.

Kwa wageni wa ukurasa huu: pawa ni ule msumeno wa injini. Mume wangu aliununua kabla hajaenda kwa kazi ya mjengo. Mimi ndiye ninayeutunza na Zakayo ndiye anayekata. Zakayo ni mdogo wa mume wangu, kwa hivyo ni mulamwa wangu, na kwetu mulamwa ni mtu wa utani. Akinikuta nasonga obusuma, ugali wetu, ataniuliza nani alinidanganya kwamba najua kupika. Nami nitamwuliza ataoa lini, aache kunusa sufuria za wenyewe. Mtu akitaka mti uangushwe au upasuliwe mbao, kutoka Khayega mpaka kule karibu na msitu, anatuita sisi. Pawa hiyo ndiyo shamba letu.

Ilianza hivi. Injini ikinguruma polepole, haina shida. Ukibonyeza mafuta kidogo, haina shida. Ukibonyeza mpaka mwisho, inapanda, inashuka, inapanda tena, kama mtoto anayelia huku anakohoa. Ikiwa ndani ya gogo inakufa kabisa. Baadaye inawaka, inakata vizuri dakika chache, halafu mchezo ni ule ule.

Zakayo alisafisha kichujio cha hewa. Akabadilisha plagi. Bado.

Hapo ndipo nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri, sisimami.

Kwanza nilishuku petroli. Zakayo huinunua kwa chupa kando ya barabara, na zile chupa siziamini, mtu anaweza kutia mafuta ya taa na usijue. Nikamfunga Neema mgongoni, nikaenda na mtungi wangu mpaka kituo cha mafuta. Oili nikachanganya kwa mkono wangu, nikipima kwa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari. Pawa ikakohoa vile vile.

Nikamgeukia fundi aliyeifungua kabureta mwezi uliopita. Nimesikia mafundi wengine hutoa kifaa chako kizima wakakuwekea kilichochoka. Lakini kabla ya kumpelekea nilikuwa nimetia alama ya rangi ya kucha upande wa chini, mahali mtu hatazami. Nikafungua kwa bisibisi kwenye meza ya jikoni. Alama ilikuwepo. Niliona haya, lakini si sana.

Akabaki Zakayo.

Kuna mtu wa Bukura mwenye pawa mbili ambaye amekuwa akimtaka Zakayo kitambo. Zakayo mwenyewe ndiye aliyeniambia, tena akicheka. Sasa kile kicheko nikaanza kukipima upya. Simu ikilia anaenda nyuma ya nyumba, mbona? Zamani alikuwa akiiacha mashine kwangu na kukaa kuongea, siku hizi anaiweka na kuondoka, mbona? Nikajiambia anaiharibu polepole, ili akiondoka aseme hakukuwa na kazi. Nikimpa chai nilikuwa namwangalia mikono. Utani ukaisha. Siku moja aliniuliza kama naumwa na jino.

Jana tulikuwa na mikaratusi mitano ya mama mmoja mjane upande wa Shinyalu. Lori la kubeba magogo linakuja Jumamosi, na alikuwa ametuambia wazi kwamba tukishindwa ataita watu wa Bukura. Na watu wa Bukura wakishaingia kwa boma moja huku, maboma mengine yatawafuata. Nikaenda mwenyewe kuangalia kazi.

Mti wa kwanza ulianguka vizuri. Wa pili, pawa ikaanza kukohoa. Zakayo akaizima, akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akafunga, akavuta kamba, ikakata. Baada ya muda ikakohoa tena. Akafungua tena, akachungulia tena. Mara ya tatu nilisimama, mwenye miti yupo, majirani wapo kwenye ua.

"Zakayo, kama unataka kwenda Bukura, nenda. Lakini usiniulie mashine nikiangalia."

Aliilaza pawa kwenye majani, akavua kofia ngumu, akaiweka juu yake.

"Mama Neema," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, mimi kwake ni mulamwa. "Hata mwizi wa kuku huulizwanga kwanza."

Akapanda njia, akaenda.

Mwenye miti hakunigombeza. Alisema tu anatupa mpaka Ijumaa jioni. Nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni, mashine kichwani, na kofia ya Zakayo imening'inia kwenye kidole.

Leo asubuhi niliiweka pawa nje kwenye meza. Sitadanganya, nilikuwa natafuta ushahidi. Nilitaka kupata skrubu iliyolegezwa, mchanga, sukari, kitu chochote cha kumwonyesha Baba Neema.

Nilipofungua kifuniko cha tangi, kikalia. Fyuuu. Kilikuwa kinavuta hewa kuingia ndani.

Nikasimama na kifuniko mkononi. Jana kila Zakayo alipochungulia tangi, pawa ilipona kwa muda. Haikuwa kuchungulia kulikoiponya, ni kufungua. Kila mwanamke aliyewahi kuuza mafuta ya kupima anajua jambo hili: toboa mtungi tundu moja, mafuta yanatoka kwa kukwamakwama. Toboa la pili juu, hewa iingie, yatatiririka. Hili tangi lilikuwa halipumui. Injini ikienda polepole inapata cha kunywa. Ikitaka kunywa kwa nguvu, tangi linakataa.

Nikatafuta mahali linapopumulia. Chini ya mshikio kuna kidude kidogo cha mpira, na juu yake palikuwa na kitu kimekauka, kimeshika vumbi la mbao. Nikakwangua kwa ukucha. Nikanusa.

Sabuni ya mche.

Niliiweka mimi.

Pawa hulala ndani ya nyumba, nyuma ya kitanda chetu, maana ukiiacha nje asubuhi utakuta nafasi yake tu. Neema alipokuwa na kile kikohozi kibaya, petroli ilikuwa inanuka chumba kizima. Nikaona tone linatoka kwenye kile kidude pawa ikilazwa ubavu. Nikafanya alichokuwa akifanya baba yangu tangi la pikipiki likivuja, nikakanda sabuni, nikaziba. Harufu ikapungua, mtoto akalala. Nilijiona nina akili. Kisha nikasahau kabisa.

Niandike yote, kwa sababu hapa ndipo ninaposema ukweli. Wazo langu la kwanza halikuwa kwamba nimemkosea Zakayo. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna aliyeniona. Nilichomoa pini ya nywele, nikaanza kutoa ile sabuni mbiombio, kichwani nimeshatunga maneno: fundi mwingine amepita, ameitengeneza. Zakayo abaki na lawama, ataenda Bukura, yataisha.

Kwa haraka yangu kile kidude kikapasuka. Nikakaa chini kwenye majani. Ningewezaje kumpa mtu yeyote chai tena, huku namwangalia mikono, na mikono yenye kosa ni yangu?

Nikamfunga Neema, nikafunga kipande cha sabuni kwenye leso, nikaenda. Zakayo alikuwa anafunga ng'ombe. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, sikuanza na "lakini". Nikamwambia nilimtaja vibaya mbele za watu, na nitajirekebisha mbele za watu hao hao.

Aliigeuzageuza ile sabuni kwenye kiganja.

"Kumbe ulikuwa unaiogesha," akasema.

Akacheka, kicheko kifupi, si kile chake. Nikamwuliza kama kesho atakuja kumaliza mikaratusi. Akasema ataangalia. Ataangalia nini, hakusema. Habari za Bukura sikuuliza, ingawa swali lilikuwa limenifika kwenye meno.

Nikapitia kwa yule mama mjane, nikaita majirani wa pale uani, nikasema nilichokuja kusema. Mvua ya mawe ilinikuta njiani, nikajua nimestahili.

Sijui kama kesho nitasikia hatua zake mlangoni. Asipokuja, sitasema ni Bukura.

Baba Neema, usimpigie kumbembeleza. Hilo ni langu, nililivunja mwenyewe. Wewe nitumie hivi kwa gari la kwanza. Kile kidude cha kupumulia cha tangi, kimoja, uonyeshe picha ya mashine dukani, usikubali cha kufanana. Kesho pawa itakata bila hicho, tangi likiwa nusu, lakini ikiinamishwa inamwaga. Kichujio cha petroli cha ndani ya tangi, kimoja. Plagi usitume, hii ni nzima. Kufuli kubwa la mlango wa stoo na mnyororo wa kufungia, kwa sababu pawa haitalala tena na mtoto wangu. Na glavu za ngozi, jozi moja tu, kwa kipimo cha mkono wa Zakayo. Usiulize za mtu mwingine.