Kulikausha Ziwa la Mogaka

Jumapili, 6 Aprili

Wageni wachache. Mvua imeshuka mchana, wakakimbilia magari na sahani mkononi. Onchiri, mfanyakazi wetu, amefunga boti zote nyuma ya kibanda. Anaziita kwa rangi zake, kama mtu anayeita ng'ombe. Ameniuliza kama Pasaka tutaleta muziki. Nikamjibu tutaona. Tutaona, mimi na nani?

Jioni nimetembea juu ya tuta la udongo linalozuia maji ya ziwa, kama mume wangu alivyofanya kila siku mpaka alipolazwa. Mogaka alikuwa akipiga mluzi. Mimi natembea tu. Chini ya tuta, upande wa bondeni, gambuti imezama. Nyasi za hapo ni kijani kupita kiasi. Maji yanachuruzika, safi kabisa. Na huko juu ziwa limejaa pomoni.

Sijapenda.

Jumanne, 8 Aprili

Injinia Kerubo amekuja. Mtu wa Keumbu, ana ofisi mjini Kisii. Msichana mdogo kuliko nilivyodhani. Amepita kila mahali, hakuogopa matope. Amechoma fimbo ardhini pale palipo laini, akatikisa kichwa.

Kwanza, miti. Ile mikaratusi iliyo juu ya tuta, ile ambayo maharusi wote wa Ekerenyo wamepigia picha. Mizizi imeingia ndani na maji yanaifuata. "Mama, hii miti ilitakiwa kung'olewa ikiwa midogo. Sasa hata ukiikata, mizizi itaoza ndani na kuacha mashimo."

Pili, mkondo wa kutolea maji yanayozidi. Mogaka aliuwekea wavu wa waya ili samaki wasitoroke. Umeziba kwa majani. Mvua kubwa ikija, maji yatapita juu ya tuta lenyewe.

Tatu, bomba la chini la kufungulia maji. Koki imeshika kutu, haizunguki.

Kwa hivyo nini? Kwa hivyo nishushe maji hadi nusu sasa hivi, halafu nilikaushe ziwa lote. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema maji yakitoka safi bado kuna muda. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa kutoka ndani, nimpigie siku hiyo hiyo.

Nilikasirika. Miti ile Mogaka aliipanda kwa mikono yake, mimi nikimshikia miche. Sikumpa hata chai. Mgeni amefika nyumbani Gusii akaondoka bila chai. Nimeona aibu gari lilipokwisha kupanda kilima.

Alhamisi, 10 Aprili

Evans amepiga simu kutoka Doha. Amesema hilo ziwa ndilo maisha ya baba yake. Amesema mainjinia hupenda kutisha watu. "Mama, ngoja Pasaka ipite kwanza."

Tangu mazishi hajakanyaga hapa. Haijui hiyo nyasi ya kijani. Nilitaka kumwambia uje uione. Nikasema sawa, mwanangu.

Nimekaa jikoni na redio imezimwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Sabato. Somo lilikuwa juu ya subira, sikusikiliza. Baada ya ibada wamama wamenizunguka. Boti zitakuwepo Pasaka? Watoto wanauliza. Hakuna aliyeniuliza ninalalaje. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mvua bado. Nimeenda kuangalia tuta ingawa ni Sabato. Maji safi. Nimesali pale pale nikiwa nimeshika mwavuli.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeufunga uwanja wa wageni. Bango dogo langoni, bila maelezo.

Mimi na Onchiri tumeutoa ule wavu. Waya ulikuwa umeota ndani ya saruji, ikabidi tutumie msumeno. Ulipoachia, maji yalivuta majani yote kwa nguvu na samaki wakaenda nayo, wakubwa, matumbo meupe juu. Ziwa limeshuka, si sana. Onchiri aliwatazama wakienda. Alikuwa rafiki wa Mogaka kabla ya kuwa mfanyakazi wetu.

Nimepata nafuu. Nimechukia kupata nafuu.

Jumanne, 15 Aprili

Maji yametoka na udongo. Rangi ya chai ya maziwa. Nilichota kwenye kikombe nikangoja yatulie. Chini kulibaki tope laini kama unga.

Nimempigia Kerubo. Amesema niwaondoe watu wa bondeni kwanza, yeye yuko njiani. Onchiri amekimbia kwa chifu. Mimi nimeshuka kwa Mama Kwamboka, nyumba iliyo karibu zaidi na kijito.

Hatujasalimiana tangu ziwa lichimbwe. Mumewe alipinga. Alisema Mogaka anaweka maji juu ya vichwa vya watu. Wakagombana mbele ya wazee, kisha mumewe akafa, kisha Mogaka akafa, na sisi wajane tukabaki na ugomvi usio wetu.

Alikuwa anachambua chinsaga mlangoni. Hakuinuka.

"Mama Evans. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Tuta linavuja udongo. Toka hapa, tafadhali. Leo, si kesho."

Nilingoja aseme mume wake alisema nini. Aliweka mboga chini, akauliza, "Na ng'ombe?"

"Tutoe na ng'ombe."

Tukamfungua ng'ombe pamoja. Fundo likanishinda, akalifungua yeye.

Jumatano, 16 Aprili

Familia za bondeni ziko shule ya msingi. Kerubo amekuja na mipira minene ya plastiki ya kupitishia maji. Inapita juu ya tuta, inajazwa maji, kisha upande wa chini unafunguliwa na ziwa linajivuta lenyewe. Sikuamini mpaka nilipoona. Pale panapovuja ametuamuru tuweke mchanga, halafu kokoto juu yake. Maji yapite, udongo ubaki.

Wanaume wa pande zote mbili za bonde walibeba mchanga kwa magunia. Wamama kwa ndoo. Nami nimebeba. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenisemesha pia. Walizungumza wao kwa wao, mimi nikifika wananyamaza. Ningependa matusi.

Evans amepiga. Sijashika.

Ijumaa, 18 Aprili

Nilitaka mipira iongezwe. Kerubo amekataa. Ukiharakisha, tuta lililolowa linaporomoka kwa upande wa ndani, na hapo umepoteza kila kitu. Kwa hivyo tunangoja. Ziwa linaacha alama kwenye ukingo, mstari juu ya mstari. Mvua inarudisha kidogo tulichotoa. Naogopa kila wingu linalotoka upande wa Nyamache.

Alasiri yale maji ya chini yameanza kusafika. Kerubo alikaa kwenye jiwe akacheka peke yake. Leo nimempa chai. Amekunywa vikombe vitatu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Magari yamekuja hata hivyo. Nimesimama langoni kuwarudisha. Mwanamume mmoja ameniambia nimewaharibia siku watoto wake. Nikamwambia pole. Mtoto wa nyuma alikuwa amevaa boya tayari, la rangi ya machungwa, tangu nyumbani.

Watu wa bondeni wameruhusiwa kurudi. Nimewaona wakishuka na magodoro kichwani.

Nimempigia Evans, nikamwambia. Nikasikia analia. Mwanangu mzima, na mimi siwezi hata kumshika bega.

Alhamisi, 24 Aprili

Limebaki dimbwi la katikati. Watu wamekuja na vikapu na neti za mbu, wakaingia kwenye tope mpaka mapajani kukamata samaki. Wazee, wanafunzi, hata wamama wa kanisani. Vicheko vilifika hadi hapa. Sijawahi kusikia watu wakifurahi hivyo ziwa likiwa na maji.

Nimebaki nyumbani, mapazia nimefunga. Onchiri ameniletea ndoo ya samaki, ngege watupu. Nimemwambia awapelekee watoto wake. Nisingeweza kuwatia mdomoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Katapila imekata tuta. Mwanya mpana hadi chini, kusudi maji yasikae tena kamwe. Miti ilianguka mmoja mmoja. Nilidhani nitalia kwenye miti. Sikulia. Nililia katapila ilipozimwa, kwa sababu ya ule ukimya, na kwa sababu dereva aliuliza aliyelijenga tuta hili ni nani, akasema, "Alishindilia udongo vizuri sana," na hapakuwa na mtu wa kumpelekea hiyo sifa.

Kerubo amenionyesha njia za maji kando ya mizizi. Zingine zinaingia mkono. Amesema mvua za wiki hii zingetosha. Sikuuliza zingetosha nini.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna gari. Asubuhi nimeketi nje. Bonde ni tope lililopasuka, na katikati kijito kimejirudia kwenye njia yake ya zamani. Mawe ya kuvukia bado yapo. Nilikuwa nayavuka nikiwa bibi harusi, nikienda kuteka maji, kabla ya ziwa.

Mama Kwamboka amekuja kwa mawe hayo. Hakupitia langoni, ameingia kwa mlango wa jikoni. Akasema njia imekuwa fupi. Tukanywa chai. Ametaja goti lake, nami nimetaja langu. Tumeongea juu ya bei ya majani chai. Waume zetu hatukuwataja.

Nimemsindikiza hadi kijitoni. Amevuka taratibu, sketi ameishika kwa mkono mmoja, akapanda upande wake.

Nimebaki pale kidogo. Sasa maji yana sauti. Ziwa halikuwa nayo.