Wageni Walionionjea

Chengdu,
Jumapili, mvua inanyesha

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Zigong, na naomba zikukute umeketi, si umesimama jikoni tangu alfajiri. Goti lako linaendeleaje tangu baridi ianze? Na Shangazi Huilan, anakuja kukusaidia kumenya tangawizi, au bado mmenuniana kwa ajili ya yule jogoo wake? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazini hakuna baya. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali: wewe unauliza nitarudi lini kushika mkahawa, mimi nababaika, wewe unakata. Barua huwezi kuikata. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Nianze na majirani. Mlango unaotazamana na wangu wamehamia mtu na mkewe. Mume anaitwa Jorma, mhandisi kutoka Ufini, mrefu wa kuinama kila mlangoni, na maneno yake ni ya kuhesabu. Mke ni Marisela wa Peru. Anafundisha Kihispania, na yote ambayo mumewe hasemi, yeye anayasema. Kichina chao kinachechemea lakini hawakionei haya. Nilipowafahamu walikuwa wanaishi kwa mkate na mayai, maana mikahawa midogo ya mtaani kwetu haina picha za vyakula, na siku waliyobahatisha kuagiza waliletewa vichwa vya sungura. Marisela aliniambia mumewe alivitazama vile vichwa, vichwa navyo vikamtazama, chakula kikaishia hapo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikawaambia kwamba mtoto wa mpishi hawezi kuona majirani zake wanakula mayai kama wagonjwa. Jumamosi tunatoka wote.

Nikawapeleka kwa Mama Kuang, nyuma ya soko la mboga, pale penye meza nne na viti vya mianzi. Jorma, kwa heshima zake zote, akamwita Bibi. Mama Kuang akaweka sahani chini, akashika kiuno. "Bibi yako yuko kwenu Ufini! Mimi niite dada, au leo unakula ukoko." Jorma alikuwa mwekundu kama pilipili. Tangu siku hiyo anamwita dada kwa sauti ya kusikika sokoni, na bakuli lake ndilo linalojaa kuliko ya wengine.

Basi ikawa desturi. Kila Jumamosi mahali papya: tofu ya pilipili, samaki wa achari, tambi nene za utamu na ukali, chungu cha mchuzi kinachochemkia katikati ya meza. Niliwafundisha kupoza ulimi kwa wali, si kwa maji, na kutotafuna zile punje za pilipili zinazotia ganzi. Marisela alizitafuna kwa ubishi, akabaki anajishika midomo na kuuliza kama bado ipo.

Nilikuwa na sharti moja tu. Hakuna kuniambia chakula ni kitamu. Waniambie kuna nini ndani yake. Marisela alikuwa anafumba macho na kunipa hadithi nzima: kwamba yale maharage yaliyovundikwa na pilipili yananuka kama ghala la babu yake mvua ikianza, kwamba ndani ya mchuzi kuna ganda la chungwa limejificha nyuma ya nyama. Jorma alikuwa anatafuna kwa muda mrefu, halafu anatoa neno moja. Moshi. Au, uyoga. Siku moja alisema, boti mpya, na mkewe akamwambia hilo si jibu, lakini mimi nilimwelewa: harufu ya lami na mbao. Walidhani mimi ni mwalimu mkali. Niliwaacha wadhani hivyo.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye chungu cha mchuzi, mimi nimekaa upande wa jiko la meza. Nilikuwa nikichagua utumbo kwa vijiti, nikieleza jinsi ya kuuchovya usije ukawa mpira. Ghafla Jorma akainuka, akamwaga birika zima la chai kwenye kiwiko changu. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akanionyesha mkono wa sweta yangu. Ulikuwa umeungua hadi tundu, unafuka moshi, na watu wa meza ya pili walikuwa wameshaziba pua. Mimi pekee nilikuwa naendelea kula.

Marisela aliweka vijiti vyake chini. Kisha akaniuliza polepole, "Qiaolan, hivi wewe unanusa?"

Mama, jibu nililompa nilipaswa kukupa wewe kwanza. Ile homa niliyougua majira ya baridi ya mwaka juzi iliondoka na pua yangu. Ulimi unajua chumvi, sukari, siki na ukali, basi. Vingine vyote ni kama kutafuna karatasi. Nyumbani Mwaka Mpya sikuja, nikasema nina zamu kazini. Sikuwa na zamu. Niliogopa utanipa kijiko nionje mchuzi wako wa sungura, kama ulivyonipa tangu sijafikia meza, uniulize umepungua nini, nami nisijue. Wewe ukasema nimekuwa mtu wa ofisi, moshi wa karai sasa unaninukia vibaya. Haunukii vibaya, Mama. Haukuwa unanukia kabisa. Nililia siku nzima, kisha nikakuacha uamini hivyo, kwa kuwa niliona afadhali binti mwenye maringo kuliko mrithi asiye na pua.

Marisela hakunipa pole. Kesho yake alinikokota kwa daktari, naye daktari akasema pua hufundishika: ninuse vitu vilevile asubuhi na jioni, nikumbuke vilivyokuwa. Tangu hapo wawili hawa wananisimamia. Marisela ananiwekea tangawizi puani na kunisimulia inavyonuka kama anamweleza kipofu rangi. Kwa siku nyingi hakukuwa na kitu. Halafu kahawa ikaanza kunuka mpira ulioungua. Nilivunjika moyo, lakini daktari alifurahi, akasema hata uvundo ni njia ya kurudi.

Jana tulikuwa kwa Mama Kuang. Alikuwa anapika nyama ya nguruwe, ile inayopikwa mara mbili, na alipotupa majani ya kitunguu saumu kwenye mafuta, kitu kikapita. Kidogo sana, kama mtu aliyepita dirishani. Lakini ni yenyewe, Mama, haikuwa mpira wala karatasi. Nilisimama na bakuli mkononi nikalia mbele ya wateja. Mama Kuang akafoka kwamba sijaonja bado, nalia nini. Jorma akamjibu kwa Kichina chake kibovu, "Dada, amenusa." Mama Kuang akazima jiko. Akaosha karai, akakata majani mengine, akaanza upya, ili nisimame karibu zaidi.

Nataka kurudi. Daktari hasemi kama pua itarudi yote, nami sitakudanganya tena. Lakini mikono ninayo, na kisu chako nakijua. Wewe onja, mimi nikate na kukaanga, na kila siku nisogee karibu na jiko lako nione nini kingine kitarudi. Kama utasema hapana, niambie ana kwa ana.

Tutafika Ijumaa kwa treni ya mchana, mimi na hawa wawili. Msalimie Shangazi Huilan, na habari hii niachie nimwambie mwenyewe. Jifunge goti vizuri usiku. Na usihangaike kufungua ukumbi wa mbele, Mama. Acha wazi mlango wa nyuma, tutaingilia jikoni.

Mwanao,
Qiaolan