Mwiko wa Jumanne na Boti ya Doria

Dada Mwanaidi, shikamoo. Inuse kadi hii kabla hujaisoma. Kisiwa kizima cha Nosy Be, huku Madagaska, kinanukia maua ya langilangi, hata gatini.

Huko gatini nilikwenda jana kununua pweza na mwenyeji wangu, Bi Echati, Mngazija wa hapa. Tukawakuta wabunge wa kamati ya ulinzi, wamekuja kuikagua boti ya doria kabla Bunge halijaidhinisha fedha za kununua ya pili. Boti inang'aa kama sinia la harusi! Mbunge mmoja, mama wa makamo mzaliwa wa Marodoka, kijiji cha hapa hapa kisiwani, akataka iwashwe. Afisa akavua kofia kwa unyenyekevu: leo Jumanne, ni fady, mwiko wa wazee, hakufanywi kazi. Wabunge waliotoka mji mkuu wakaitikia kwa heshima, wakaanza kuulizia chakula.

Yule mama akacheka, akamjibu kwa Kimalagasi. Bi Echati akanitafsiria: "Mwiko wa Jumanne ni wa jembe, mwanangu. Tangu lini wazee wetu wakalima kwa injini?" Akajifunga nguo kiunoni, akafunua kifuniko mwenyewe.

Injini haikuwamo. Alikuwamo kuku, ameatamia mayai, akatukodolea macho kama sisi ndio maadui.

"Huyu angalau Jumanne yuko kazini," akasema mama.

Mungu akutunzieni afya, wewe na watoto. Na shemeji akisema tena gari lake ni zima ila leo siku ya nuksi, we funua boneti.

Mdogo wako,
Zuwena